Mikono Kichwani

Ujumbe ulinikuta Usevya, nachambua mchele kwenye ungo. Aliyeutuma ni Mwajuma, binti wa mama mwenye nyumba niliyepanga kwake Mpanda miaka ishirini na sita iliyopita. Wakati ule alikuwa kitoto cha kubebwa mgongoni. Sasa anaendesha duka la baba yake na anaandika kwa mkato kama wafanyabiashara wote. Mama Shija wa Nsemulwa amefariki, aliandika, mazishi kesho kutwa saa nane, mama kasema ujulishwe. Niliweka ungo chini. Mtu akifiwa hulia kwanza, halafu ndiyo anatafuta usafiri. Mimi nilianza na usafiri, kwa sababu sikuwa na uhakika kama nina haki ya kulia.

Nilifika mjini siku iliyofuata jioni, nikalala kwa Mwajuma palepale Kashaulili, mtaa niliopanga zamani, na alfajiri nikaamshwa na nyimbo. Nilifungua dirisha. Vijana wengi, wanaume kwa wanawake, walikuwa wanapita mbio barabarani wamevaa fulana za kufanana. Ni klabu ya jogging, Mwajuma alinieleza akiwa anawasha jiko, kila Jumamosi wanazunguka mji, hata watu wa benki wamo. Walipofika kona ya soko walisimama kupumzika, na dada mmoja mnene, mwili wangu wa zamani kabisa, akapandisha mikono yote miwili kichwani, akatazama juu, anahema. Watu walimpita na mikokoteni yao ya nyanya. Hakuna aliyemuuliza nani kafa. Nilifunga dirisha kwa nguvu kuliko ilivyostahili, mpaka Mwajuma akauliza kama baridi imenisumbua.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa wa kwanza wa kazi yangu ya ualimu. Mpanda ilikuwa bado wilaya tu ndani ya Rukwa, simu za mkononi tulizisikia redioni, na mtu wa Karema akiwa na habari na ndugu yake wa mjini aliandika barua akampa dereva wa lori la samaki. Nilikabidhiwa darasa la nne, na wiki yangu ya zamu ikafika kabla sijazoea hata majina ya wanafunzi. Mwalimu wa zamu ndiye anayeongoza mchakamchaka wa asubuhi. Siku ya kwanza niliwaongoza watoto mpaka getini, si zaidi. Walinipita wakiimba, wakafika mbele, wakaona kiongozi hayupo, wakarudi kunichukua, na walirudi wakiimba vilevile. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai. Akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angefoka, kwamba darasa la saba lina vijana wenye nguvu na labda mmoja wao angeweza kunibeba. Walimu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Aliyenihurumia ni Mwalimu Filbert, wa michezo. Aliniambia nitoke kila alfajiri kabla mji haujaamka, nikimbie mpaka pumzi iishe, na kesho yake nipite pale ilipoishia hata kwa hatua kumi. Akanipa na kanuni moja: ukiishiwa pumzi usiiname, weka mikono kichwani, mapafu yatafunguka. Kanuni hiyo niliishika kwa moyo wote. Nilikuwa nimetoka chuoni, na neno lolote lenye mapafu ndani yake niliona ni sayansi.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la Mzee Hamisi, mume wa Mama Mwajuma. Ukuta wa mbao ulinitenganisha na stoo, kwa hiyo nililala na harufu ya mafuta ya taa, sabuni za miche na maharage yaliyoanza kupata wadudu, na kila neno la wenye nyumba lilinifikia. Asubuhi ya kwanza nilimsikia Mzee Hamisi, katoka kuswali, anamuuliza mkewe mwalimu anakimbia nini. Mama Mwajuma akamjibu kwamba anakimbia unene, amuache. Niliporudi nikasimama uani nahema, mikono kichwani kama nilivyofundishwa. Mama Mwajuma akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Toa mikono kichwani, mwalimu," alisema. "Humu ndani hatujafiwa."

Niliishusha. Si kwamba sikujua. Hakuna mtoto wa huku kwetu ambaye hakuwahi kupigwa kikofi mkononi kwa kosa hilo, akaulizwa anamlilia nani. Ila niliona hayo ni mambo ya nyumbani, na mimi nafanya mambo ya mapafu, basi mbele ya Mama Mwajuma nilishusha mikono na mbali naye nikaipandisha.

Ndivyo nilivyoujua mji ule, kwa sehemu pumzi zilipoishia. Wiki ya kwanza ziliishia sokoni, akina mama wanapanga mafungu ya dagaa kwa mwanga wa koroboi. Wiki ya pili zikanifikisha stesheni, ambako abiria wa treni ya Tabora walikuwa wamelala juu ya mizigo yao. Walinitazama mimi, halafu wakatazama nyuma yangu waone kinachonifukuza. Mtaa wa Makanyagio nilijulikana kwenye foleni ya maji kwa jina la Mwalimu Mbio, na halikuwa la sifa. Kosa langu halikuwa kukimbia. Lilikuwa kupita bila salamu, maana nikifungua mdomo kuamkia pumzi yote ilitoka na salamu. Nilijua watu wananisema, na niliona aibu, lakini niliogopa zaidi ile baraza ya mwalimu mkuu.

Mwezi wa tatu nikafika Nsemulwa, kule nyumba zilikoanza kuachana na mazizi ya ng'ombe kuonekana. Huko waliishi Wasukuma waliohama na mifugo yao kutoka kaskazini. Nyumba ya mwisho kwenye njia yangu ilikuwa ya Mama Shija. Alikuwa mwembamba, mrefu, na muda ule wa alfajiri alikuwa nje anachochea moto wa uji. Akanisalimia, "Mwangaluka, mayu," nami nikapunga mkono tu. Siku ya tatu alisimama katikati ya njia na fimbo, vile wanavyomzuia mtamba asitoroke, akasema leo sipiti bila kuitika. Nilisimama, nikaitikia kwa sauti isiyotoka, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniletea maji kwenye kikombe cha bati cha bluu. Tangu siku ile mbio zangu zilikuwa na mwisho. Nilikunywa maji, nikakaa kwenye kigoda, akanipa maziwa mgando na matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, pamoja na karanga. Sijawahi kula kifungua kinywa kizuri kama kile, na nimekula kwenye hoteli za semina.

Mumewe, Mzee Masanja, hakutoka. Nilimjua kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta wa udongo. Kilichokuwa kati yao nilikielewa polepole. Mtoto wao mkubwa, Shija, alikuwa amekwenda Karema kuvua, na baba hakutaka kijana wa ng'ombe anuke dagaa. Siku ya kuondoka alimfukuza mbele ya majirani, akamwambia asikanyage tena pale. Mama Shija hakujua kuandika. Aliponiomba, nilichukua daftari langu la maandalio nikaandika palepale kwenye kigoda, naye ananitajia ng'ombe mmojammoja kwa jina, nani kazaa, nani anachechemea. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ikarudi na jibu, dereva wa lori akalileta mpaka shuleni, na kesho yake nikakimbia nalo mfukoni kwenda kumsomea.

Shija aliandika maneno machache. Aliwasalimia wote, akasema amemkumbuka mama yake sana, lakini alifukuzwa mbele ya watu na atarudi siku baba atakapokwenda mwenyewe kumchukua. Nilisoma kwa sauti ya chini. Ukuta ule haukuzuia kitu. Kikohozi kikakoma, na Mzee Masanja akasema kutoka ndani, taratibu kabisa, "Mwambieni Karema nitakwenda kumzika."

Mama Shija aliikunja barua mara nne. Akaniomba hayo nisiyaandike. Tangu asubuhi ile kila nilipotokea alinitazama kwanza mikononi, kuona kama kuna karatasi, ndipo ananitazama usoni. Nililiona hilo na nikalisahau. Nilikuwa kijana, nilikuwa nahesabu hatua zangu.

Mwezi wa saba zamu yangu ilirudi. Asubuhi ya Jumatatu niliamua kukimbia kutoka Kashaulili mpaka Nsemulwa bila kusimama hata mara moja, halafu niende shule nikamwonyeshe mwalimu mkuu. Kulikuwa na baridi na vumbi. Nilipita stesheni, nikapita kwenye foleni ya maji, ubavu ukanikata nikaendelea. Nilipoiona nyumba ya Mama Shija nikaongeza mwendo kwa nguvu zote zilizobaki, maana nilitaka anione. Nilisimama uani pake, machozi ya vumbi yananitoka, na mikono ikapanda kichwani yenyewe.

Alikuwa ameshika kile kikombe cha bluu. Aliniangalia mikono.

"Mwalimu, ni Shija?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kichwa kilikuwa kinakwenda juu na chini kwa kuhema. Kikombe kikamponyoka, akapiga ukunga ambao sijausikia tena maishani. Mzee Masanja akatoka na shuka moja tu, miguu mitupu. Hakuuliza. Alitutazama, mimi na mkewe, akapiga magoti kwenye majivu ya jana, akasema, "Nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu." Akarudia. Mzee ambaye sikuwahi kumwona uso alikuwa analia mbele yangu, makamasi yanamtoka, na upande wa pili wa uzio majirani wanakuja mbio.

Hapa sitajitetea. Pumzi ilikuwa imerudi. Si yote, lakini ya kusema "hapana" ilitosha. Mama Shija alikuwa amenyamaza, ananitazama juu ya mgongo wa mumewe. Macho yake yalikuwa makavu. Akainua kiganja kidogo, karibu na paja, akakipunga mara moja. Niliona ananifukuza. Niliona ameshajua nilichofanya na hataki kuniona. Niligeuka nikakimbia, na nilikimbia vizuri kuliko siku zote.

Shuleni niliongoza mchakamchaka mzima. Kawaida tulipita barabara ya Nsemulwa. Nikakata kushoto, nikawapeleka upande wa uwanja wa ndege. Hata huko, kati ya ubeti na ubeti, vilio vilisikika kwa mbali. Watoto wakaanza kupunguza mwendo, kwa sababu walilelewa vizuri na walijua penye msiba hapapitwi na nyimbo. Niliwaamuru waimbe kwa nguvu zaidi. Tuliporudi mwalimu mkuu alinipigia makofi. Ni miaka ishirini na sita, na sauti za wale watoto wakiimba kwa amri yangu bado zinanikosesha raha.

Mchana tulikula ugali na migebuka. Mama Mwajuma alikuwa ametoka Nsemulwa, kitenge cha msibani hajakivua. Alisimulia kwamba kijana kafia ziwani, baba yake kaondoka na lori la samaki asubuhi ileile kwenda kumleta, na aliyeleta habari hajulikani. Mama wa marehemu anasema ni mwanamke tu alikuja mbio, hakumtambua sura. Wengine wameanza kusema hakuwa mtu. Akaniuliza kama leo sikupita huko. Nikamjibu nilipita Makanyagio. Tonge likanikwama kooni, naye akanipigapiga mgongo akidhani ni mwiba wa samaki.

Kwa nini hakunitaja? Swali hilo nililala nalo siku nne. Walimu walikwenda kuhani, mimi nikajitolea kubaki na madarasa. Wakarudi wakasema mama kanyoa nywele, hasemi, anakunywa maji tu. Kila asubuhi nilijiapia kwamba leo nitakwenda, na kila asubuhi maneno ya kuanzia yalinishinda. Ningesemaje? Kwamba mtoto wenu mzima, mimi nilikuwa nafungua mapafu?

Siku ya nne nilimsikia Mzee Hamisi kupitia ukuta wa mbao, anamsimulia mteja, anacheka kicheko cha mtu mwenye hofu. Marehemu ameshuka kwenye lori stesheni, yeye na baba yake, wamebeba gunia la dagaa. Walipofika nyumbani akina mama walikimbia msiba wakaacha sufuria motoni. Wazee wa ukoo wakakataa aliyekwisha kuliliwa asiingie kwa mlango. Walitoboa ukuta wa nyuma wa jiko la mama yake, Shija akapita kwa kutambaa, akaogeshwa, ndipo mama akaruhusiwa kumshika. Mji ulicheka mwezi mzima. Mimi sikucheka. Niliacha kukimbia, raba nikampa dada aliyekuwa anatuuzia mkaa, na nikiwa na shughuli upande ule nilizunguka mbali. Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho nikaletwa Usevya. Si mbali na Mpanda. Watu wanakwenda na kurudi kwa siku moja. Nsemulwa sikukanyaga mpaka juzi.

Tulimzika Mama Shija karibu na zizi, pembeni ya Mzee Masanja aliyetangulia zamani. Nilikaa nyuma kabisa, kati ya wanawake wasionijua. Watu walipoanza kutawanyika mwanamume mwenye mvi kidevuni akanijia, akaniamkia, akauliza kama mimi ndiye mwalimu wa barua. Alikuwa na macho ya mama yake. Akanichukua mpaka nyuma ya jiko, tukakaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Ukutani palikuwa na kiraka cha udongo wa rangi nyingine, duara, kipana cha kupitisha mabega ya mtu.

Nilianza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama alijua, mwalimu."

Nikamuuliza alijua nini. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetimiza alichotumwa. Mama yake alimwambia miaka mitatu iliyopita, miguu ilipoanza kukataa, kwa sharti kwamba asinieleze mpaka amezikwa au mpaka nije mwenyewe. Ule ukunga ulikuwa wa kweli. Lakini kabla mzee hajatoka nje alikuwa ameshaniangalia vizuri, raba miguuni, jasho, mdomo unaotaka kucheka, akaelewa. Alikuwa anafungua kinywa kusema si msiba. Ndipo mzee akapiga magoti, akasema yale aliyoyasema, maneno ambayo mama alikuwa ameyangoja karibu mwaka. Na mzee alikuwa ameapa kwamba Karema atakwenda kwa kuzika tu.

"Akaona amuache aende," Shija alisema. "Akakupungia mkono uondoke, usije ukaharibu."

Kwa hiyo hakunifukuza. Nilikaa na hilo kidogo, na kilichonijia hakikuwa nafuu. Kilikuwa hasira. Aliwaacha watu walie juu ya mtoto aliyejua yu hai, akanyoa nywele, na mimi akaniacha nizeeke na hatia hiyo. Nilimwambia Shija hivyohivyo, kaburi likiwa bado bichi, sikuona haya. Hakukasirika. Akasema mama mwenyewe hakulipata bure. Aliamini mwana aliyeliliwa akiwa hai amekwisha kuitwa upande wa pili. Hakumruhusu kurudi ziwani, na kila alipougua homa, hata akiwa mtu mzima mwenye watoto, mama alikaa mlangoni mwake mpaka ipoe. Mzee Masanja alikufa bila kujua. Siri ile mama aliibeba peke yake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe alikungoja. Kila alfajiri alikijaza kile kikombe cha bluu akakiweka pale kwenye kigoda. Tulidhani ni mambo ya uzee, kumbe alianza akiwa na nguvu zake. Alisema mwalimu atapita tu, nitamwambia."

Nilisema Usevya si mbali. Nilisema angetuma mtu, angeandika hata mistari miwili, ningekuja siku hiyohiyo. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakageuka kututazama. Shija alingoja nimalize.

"Siri kama ile angempa nani amwandikie?" alisema. "Mwandishi wake ulikuwa wewe."

Hapo mikono yangu ikapanda kichwani, yote miwili, na safari hii hakuna aliyeniambia niitoe.